Fedha ya Mnunuzi Huenda Wapi?

Mwaka 1967 kiwanda cha kutengeneza betri za tochi na redio kilianzishwa mjini Nakuru, na kwa muda wa miaka zaidi ya 40 betri za Eveready, zenye alama ya paka, zilitoka humo kwenda madukani kote nchini. Mwaka 2014 kiwanda hicho kilifungwa. Wenyewe walieleza kwamba betri za bei ya chini kutoka nchi za nje zilikuwa zimejaa sokoni, na watu karibu 100 wakapoteza kazi. Lakini jina halikuondoka madukani. Kampuni iliendelea kuuza betri zenye jina lile lile, ila sasa zilitengenezwa Misri.

Jambo hili lafaa kufikiriwa na kila asemaye kwamba yeye hununua vitu vya nchi yake. Watu wengi hutazama jina walilolizoea tangu utoto, wakaridhika. Kumbe jina laweza kubaki na kazi ikaenda zake.

Kazi ikiondoka, si mfanyakazi peke yake anayepata hasara. Mtu wa kiwandani apokeapo mshahara wake hulipa kodi ya nyumba, hununua viazi vya Molo, maziwa ya Njoro na mboga za Bahati. Mwenye viazi naye hulipa karo ya mtoto na humpa fundi cherehani kazi ya kushona sare. Hivyo shilingi moja hupita katika mikono mingi kabla ya kutoka wilayani. Ni kweli kwamba kitu kilichotoka ng'ambo nacho huacha fedha kidogo: faida ya mwenye duka, ujira wa mchukuzi na ushuru wa forodha. Lakini ujira wa aliyekitengeneza hutumiwa kwao, wala hauji kununua viazi vya Molo.

Tena viko vitu ambavyo ni vya hapa kwa nusu tu. Kampuni ya Unga ilianzishwa Njoro mwaka 1908, katika nchi ya ngano. Hata hivyo, siku hizi sehemu kubwa ya ngano isagwayo nchini Kenya huletwa kwa meli. Anunuaye pakiti ya unga wa ngano humsaidia msagaji na dereva wa lori, lakini si lazima amsaidie mkulima wa Njoro au wa Narok. Maziwa yaliyokamuliwa Subukia na kutiwa katika pakiti Nakuru ni habari nyingine, kwani mwenye ng'ombe, mkamuaji, mchukuzi na mtu wa kiwandani wote hupata fungu lao.

Basi mnunuzi afanyeje? Asome pakiti kabla ya kulipa, atafute mahali palipoandikwa nchi ambamo kitu kilitengenezwa. Asidanganyike na namba zilizo chini ya mistari myeusi. Zikianza na 616, maana yake ni kwamba namba ile ilisajiliwa Kenya, wala si ushahidi kwamba kitu chenyewe kilitengenezwa Kenya. Ikiwa pakiti haisemi lolote, amwulize mwenye duka. Mwenye duka akiulizwa mara nyingi, naye atamwuliza anayemletea bidhaa.

Haifai kumlaumu mkulima mwenye shilingi chache achaguaye kitu cha bei ndogo, kwa maana watoto wake hawali uzalendo. Wajibu mkubwa u juu ya mtengenezaji. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Blanketi litoalo manyoya baada ya kufuliwa mara moja, au maziwa yaliyotiwa maji, huwafukuza wanunuzi kuliko bei yoyote, na mnunuzi aliyeudhika hivyo ni vigumu kumrudisha. Mkulima anayechanganya viazi vibovu chini ya gunia ajue kwamba naye ni mtengenezaji, na kwamba jina la Molo analichafua yeye.

Lakini vitu viwili vikilingana kwa bei na kwa uzuri, mwenye busara atachagua kile ambacho kazi yake ilifanywa karibu naye. Hilo si jambo la hisani. Aliyelipwa kwa kazi hiyo huenda kesho akaja kununua maziwa yake.