Kufundisha Umbali na Muda wa Safari: Tuanzie Nyumbani kwa Mwanafunzi

Mwanachuo mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha hapa Milanzi, Sumbawanga, aliandika ubaoni swali hili: "Ndege yaruka kilomita 690 kutoka Uwanja wa Songwe hadi Dar es Salaam, kwa mwendo wa kilomita 460 kwa saa. Yatumia muda gani?" Darasa likajibu: saa moja na nusu. Ndipo mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, na sisi tutafikaje huko Songwe?" Akaambiwa aketi, kwani hilo halikuwamo katika swali.

Kwa maoni yangu, swali la mtoto yule ndilo lililokuwa somo lenyewe.

Hatuikatai kanuni. Umbali ukigawanywa kwa mwendo hutoa muda, nasi hatuna budi kuwazoeza wanafunzi kuitumia. Lakini kanuni ikiachwa peke yake hupima kipande kimoja tu cha safari. Kutoka Sumbawanga hadi Songwe, kupitia Laela na Tunduma, ni kilomita zipatazo 300 za barabara. Gari likienda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, msafiri atatumia saa tano. Basi umbali ulio chini ya nusu ya ule wa angani wamchukua zaidi ya mara tatu ya muda. Hilo mtoto halioni ubaoni mpaka aonyeshwe.

Jambo la pili ni usomaji wa saa. Tuseme tiketi imeandikwa 07:00. Mtoto aliyezoea saa zetu aweza kusoma saa saba mchana. Kumbe ni saa moja asubuhi. Akitakiwa kufika uwanjani saa mbili kabla, hiyo ni saa kumi na moja alfajiri. Tukiondoa saa tano za barabara, yampasa aondoke Sumbawanga saa sita usiku, au bora zaidi, jana yake mchana.

Napendekeza hatua tatu. Kwanza, wanafunzi wapime wenyewe kwa rula: katika ramani ya kipimo cha 1:5,000,000 viwanja hivyo viwili vimeachana kwa sentimita 14 hivi. Pili, wachore mstari wa muda kuanzia mlangoni kwao hadi mwisho wa safari. Tatu, kila saa waiandike kwa namna zote mbili.

Wako watakaosema kwamba vipindi ni vichache na mtihani hauulizi hayo. Ni kweli, vipindi ni vichache. Lakini siku moja mtoto huyo atamsindikiza mgonjwa Muhimbili, au ataitwa chuoni. Akifika uwanjani ndege imekwisha kuruka, alama alizopata kwa kugawanya 690 kwa 460 hazitamfaa kitu. Mwalimu aliyemwambia aketi atakuwa na sehemu yake katika kuchelewa huko.