Yoyo, Kizibo cha Soda na Somo la Fizikia

Katika ofisi ya mwalimu wa zamu aghalabu huwapo sanduku la vitu walivyonyang'anywa wanafunzi: gololi, manati, pia, vizibo vya soda vilivyotobolewa na, katika miaka ambayo mchezo huo ulienea, yoyo. Mwalimu aliyevichukua vitu hivyo hakukosea. Kelele ni kelele, na kipindi ni dakika 40 tu. Lakini ikiwa mwalimu huyo ni wa fizikia, na baada ya kulifunga sanduku akaingia kidato cha tano kufundisha mzunguko wa miili imara kwa kuchora duara ubaoni, basi liko jambo linalostahili kujadiliwa.

Watu waliokuwa watoto mijini Afrika Mashariki katika miaka ya 1970 na 1980 wanaikumbuka yoyo ya dukani. Ilikuwa ya plastiki, na mtaa mzima uliweza kuwa na moja tu, wengine wakingoja zamu. Waliochoka kungoja walijichongea yao kwa vipande viwili vya ubao vya mviringo, kijiti katikati, na uzi. Yoyo hizo za kuchonga ndizo zilizofundisha zaidi, kwa sababu zilikuwa kaidi. Kipande kimoja kikiwa kizito kuliko kingine, yoyo iliyumba na kulala ubavu. Kijiti kikiwa kinene, ilishuka upesi mno kabla mkono haujajiandaa. Uzi ukifungwa kwa fundo kwenye kijiti, yoyo ilifika chini ikageuka papo hapo. Ukizungushiwa kitanzi kilicholegea, yoyo ilibaki chini ikizunguka mahali pamoja mpaka mkono uliposhtua uzi ndipo ikapanda. Kitanzi hicho si jambo dogo. Mfilipino Pedro Flores, aliyeanza kutengeneza yoyo huko California mwaka 1928, alitumia uzi wa namna hiyo, na kwa huo Wamarekani wakajua michezo ambayo yoyo ya fundo haiwezi. Mchezo wenyewe ni wa kale zaidi: katika makumbusho ya Berlin kipo kikombe cha Kiyunani cha karne ya 5 kabla ya Kristo chenye picha ya kijana aliyeshika kitu kinachofanana kabisa na yoyo.

Asiyeipata yoyo hakukosa kizibo cha soda. Kilipondwa kwa jiwe hata kikawa bapa, na waliokaa karibu na reli walikiachia treni kazi hiyo. Kilitobolewa matundu mawili kwa msumari, kikapitishwa uzi, ncha zikafungwa, kisha vidole vya mikono miwili vikaushika uzi huku na huku. Kikizungushwa mara chache uzi hujisokota. Ukivutwa, kizibo huzunguka kwa kasi. Ukilegezwa kwa wakati wake, hujisokota tena upande wa pili. Kililia kama nyuki. Watoto walivipambanisha, na kizibo kikali kilikata uzi wa mwenzake, na pengine kidole. Hakuna aliyewaambia lini kuvuta na lini kulegeza. Mkono uliusikia uzi wenyewe, na aliyevuta mapema au kuchelewa alishuhudia kizibo kikizimika.

Mtoto huyohuyo akifika sekondari hukutana na kapi isiyo na uzito, uzi usiorefuka na meza isiyo na msuguano. Vitu hivyo vina mahali pake katika elimu, kwani bila kurahisisha hakuna hesabu. Tatizo ni kwamba aghalabu haambiwi kwamba ni urahisishaji wa vitu anavyovijua tayari. Tena huvikuta kwa Kiingereza, ilhali yoyo na kizibo alivijua kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani kwao. Hivyo hujenga vyumba viwili kichwani, kimoja cha mchezo na kingine cha mtihani, na ukuta kati yake. Atakariri fomula ya momenti ya inesha, ajibu swali, apate alama, asijue kwamba fomula hiyo ndiyo iliyomfanya zamani achonge kijiti chembamba.

Na fomula hiyo ina mengi ya kusema. Chukua yoyo yenye nusukipenyo cha milimita 30 na kijiti chenye nusukipenyo cha milimita 4. Ikihesabiwa kuwa diski, na unene wa uzi usipotiliwa maanani, mchapuko wake wa kushuka ni takriban sehemu moja ya 29 ya mchapuko wa graviti. Jiwe likiachwa kutoka kimo cha sentimita 80 hufika chini kwa sekunde 0.4. Yoyo hii, ikiachwa bila kusukumwa, huchukua sekunde 2.2. Kati ya nishati yote iliyotokana na kushuka, sehemu moja tu kwa 29 imo katika mwendo wa kwenda chini, na iliyobaki imeingia katika mzunguko, na huo mzunguko ndio utakaoipandisha. Fanya kijiti kiwe na nusukipenyo cha milimita 10, na ile sehemu ya 29 itakuwa karibu sehemu moja kwa tano na nusu. Mchongaji wa miaka kumi aliujua ukweli huo kwa mkono kabla hajaujua kwa kalamu.

Wako watakaosema kwamba haya ni mapenzi ya utoto tu, na kwamba sayansi ya kweli huanzia maabara. Kwa hao inafaa kusimulia habari ya sentrifuji.

Sentrifuji ni mashine ya kuzungusha damu kwa kasi ili chembe zake zitengane na maji yake, yaani plazima. Bila hiyo vipimo vingi haviwezekani. Mwaka 2013 Manu Prakash, mhandisi wa viumbe wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alizuru Uganda, na katika kituo kimoja cha afya akaikuta sentrifuji ikitumiwa kuzuia mlango usijifunge, kwa kuwa umeme wa kuiendesha haukuwapo. Aliporudi, yeye na mwenzake Saad Bhamla walitafuta njia ya kuzungusha damu kwa nguvu za mkono. Walianza wapi? Walianza na vitu vya kuchezea: yoyo, pia, na kile kizibo cha nyuzi, ambacho kwao ni kifungo cha nguo au kidude cha duara.

Yoyo haikutosha, na msomaji anaweza kukadiria sababu. Ile ya milimita 30 iliyotajwa juu, ikiachwa ishuke sentimita 80, hufikia mizunguko 1,750 hivi kwa dakika. Ikitupwa kwa nguvu huongeza, lakini hudai ustadi ambao mhudumu wa afya hana muda wa kujifunza. Kifungo chenye uzi, kilipopigwa picha kwa kamera ya kasi, kilionekana kuzunguka kati ya mara 10,000 na 15,000 kwa dakika. Tofauti hiyo haina miujiza. Yoyo huzungushwa na uzito wake mwenyewe, ukivuta kwenye ukingo wa kijiti. Kizibo huzungushwa na misuli ya mikono miwili, nguvu iliyo kubwa mara nyingi kuliko uzito wake, na nyuzi zilizosokotwa ni nyembamba sana, kiasi kwamba mvuto mfupi wa mikono huzaa mizunguko mingi.

Watafiti hao hawakukomea kushangaa. Waliandika milinganyo ya uzi unavyojisokota na kujisokotoa, wakatafuta ukubwa wa diski, unene wa uzi na urefu wake unaofaa, na mwezi Januari 2017 wakachapisha matokeo katika jarida la Nature Biomedical Engineering. Kifaa chao ni diski ya karatasi, uzi na vishikio viwili, na vijirija vya damu hubandikwa juu ya diski. Kina uzito wa gramu 2 na gharama ya senti 20 za Kimarekani. Kilifikia mizunguko 125,000 kwa dakika, na kani inayolingana na mara 30,000 ya graviti. Kilitenga plazima katika muda usiozidi dakika moja na nusu, na vimelea vya malaria katika dakika 15. Baadaye kilipelekwa Madagascar kujaribiwa katika mazingira ya kazi.

Hakuna sababu ya kuwaonea kijicho watafiti wa Stanford. Kazi yao ni njema na imetolewa kwa manufaa ya wote. Lakini ni vigumu kuisoma habari hiyo bila kuhisi uchungu fulani. Tatizo lilikuwa Uganda. Malaria ni ya huku. Chombo kilikuwa mikononi mwa watoto wa huku, tena cha bure, kimeokotwa mbele ya duka la soda. Kilichokosekana ni mtu mmoja, mwalimu au mwanafunzi, aliyezoea kuuliza kwa nini kizibo kinazunguka upesi kiasi kile, na kuamini kwamba swali hilo lastahili daftari la fizikia. Ni kweli kwamba kamera ya kasi na muda wa utafiti havipatikani katika shule zetu. Lakini hatua ya kwanza ya kazi ile haikudai kamera. Ilidai kukumbuka mchezo na kuuheshimu.

Walimu wana hoja zao, na si za kupuuzwa. Muhtasari ni mrefu. Mtihani wa taifa hauulizi yoyo. Mkuu wa shule akipita dirishani akaona darasa linacheza, atakuwa na maneno. Juu ya hayo, kizibo cha bati ni hatari kweli, na mahali pake inafaa kutumia kadibodi ngumu. Hoja ya mtihani ndiyo nzito kuliko zote, na wa kuijibu ni watunzi wa mitihani. Swali moja la vitendo juu ya gurudumu linaloshuka kwa uzi wake lingebadilisha mafundisho kwa mwaka mmoja kuliko semina kumi.

Kwa sasa mwalimu anaweza kuanza na jaribio lisilogharimu kitu, ambalo huwashinda hata wanafunzi hodari. Diski mbili za ubao zinaunganishwa kwa kipande cha mpini wa ufagio, nyuzi mbili zinafungwa kwa fundo huku na huku ili gurudumu lisiyumbe, kisha linaning'inizwa kwenye ncha moja ya rula ya mita iliyofungwa kamba katikati. Nyuzi zinaviringishwa mpaka juu, na gurudumu linazuiwa kwa uzi mwembamba lisishuke. Ncha ya pili inawekewa vijiwe hadi rula itulie sawasawa, na vizuizi viwili vya vitabu vinawekwa ili rula isiende mbali. Mpini uwe mnene, nusukipenyo cha sentimita moja hivi. Ukiwa mwembamba tofauti itakuwa ndogo mno kuonekana. Kabla ya kuuchoma kwa kiberiti ule uzi unaozuia, wanafunzi waandike jibu: gurudumu likishuka, ncha yake itapanda, itashuka, au itatulia? Wengi watajibu sawa kwamba itapanda, kwa kuwa uzi hauubebi uzito wote wa kitu kinachochapuka kwenda chini. Kisha waulizwe juu ya safari ya kurudi, gurudumu linapopanda. Hapo karibu darasa zima litasema kwamba ncha itashuka, na baada ya mshtuko wa ghafla gurudumu linapogeuka chini, wataiona ikipanda tena.