Nani Anauchafua Mto Jukskei?

Kila mvua kubwa inaponyesha Johannesburg na Jukskei ukapita Alexandra umejaa takataka, tunayasikia yale yale, ndani ya teksi, hata misikitini na makanisani kwetu: wachafuzi ni watu wa mabandani, hasa wageni. Wageni ndio sisi. Vurugu za Mei 2008 dhidi ya wageni zilianzia Alexandra hiyo hiyo, kwa hiyo maneno haya si porojo za kupuuza. Linalotuudhi zaidi ni kuwasikia Waswahili wenzetu wenye nyumba za kuta ndefu wakiyarudia.

Basi tuutazame mto kwa majira yake. Mvua hapa hunyesha takriban Oktoba hadi Machi. Zile za kwanza huosha barabara na mitaro: plastiki, mafuta ya magari, kinyesi cha mbwa, vyote huingia mtoni kwa mkupuo mmoja. Maji ya mvua yakipenya kwenye mabomba ya maji taka, chemba nazo hufumuka. Wakati huo ni vigumu kusema nani kachafua nini.

Lakini njoo Julai, kwenye baridi kavu. Wiki nyingi hupita bila tone la mvua. Hakuna cha kuzoa taka za banda la mtu na kuzipeleka mtoni. Mto umesinyaa, na bado maji ni ya kijivu na yananuka choo. Kwa sisi tuliosomea mabomba, hapo hapana fumbo. Kinachotiririka usiku na mchana bila mvua kinatoka kwenye mabomba yaliyopasuka au kuziba. Na Jukskei unaanzia katikati ya jiji, upande wa Ellis Park, ukipita chini ya barabara muda mrefu kabla haujaiona Alexandra. Ni kweli, watu wa Setswetla, pale ukingoni, humwaga maji machafu mtoni. Wamwage wapi, ikiwa bomba halijawafikia?

Mwaka 2001, kipindupindu kilipoingia Alexandra, serikali iliwahamisha maelfu ya watu kutoka kingo za mto, wakapelekwa Diepsloot na Bram Fischerville. Watu waliondolewa, mabomba yakabaki, na mto unanuka hadi leo. Tena Diepsloot yenyewe imo katika bonde la Jukskei huo huo, upande wa chini! Uhandisi gani huo?

Tunachodai si kikubwa. Jiji lina maabara na wataalamu. Litangaze vipimo vya kila mwezi, vya juu ya Alexandra na vya chini yake, bila kutuchanganyia Julai na Januari katika wastani mmoja wa mwaka. Na ndugu atakayesimama kwenye mkutano wetu ujao kuwasema watu wa mabandani, aje na vipimo vya Julai mkononi.