Siku ya Posho chini ya mwembe



Sisi watu wa Katanga tuna jina letu la siku ya sita. Wengine husema Jumamosi. Sisi twasema Siku ya Posho. Jina hilo latoka kwa wazee wetu waliofanya kazi migodini na kwenye reli, ambao siku hiyo waligawiwa chakula cha juma zima. Leo hakuna anayetugawia posho, lakini jina limebaki vinywani mwetu. Napenda basi kuwauliza: siku hiyo tuliyorithi, familia zetu zaitumiaje?

Tuseme ukweli. Baba yuko kazini au kwenye kilio. Mama yuko sokoni. Kaka mkubwa yuko kwenye mpira, dada anafua nguo za watu wote, wadogo wameinamia simu. Usiku twapita sebuleni kama abiria waliokutana kituoni. Kesho yake, Siku ya Mungu, twaketi benchi moja kanisani, hali juma zima hatukufanya hata jambo moja pamoja.

Maoni yangu ni haya: katika majira ya maembe, familia itenge walau Siku ya Posho moja au mbili, itoke pamoja kwenda kuchuma matunda, kisha iyapike na kuyahifadhi kwa mikono yake yenyewe. Najua wengine watacheka na kusema kwamba hayo ni mambo ya matajiri. Nawaomba mnivumilie hadi mwisho.

Neema inayooza

Mwezi wa Novemba mvua zikianza kushika, Lubumbashi hujaa maembe. Yamo katika kila parsele, yamo kando ya kila barabara, yaja mjini katika magunia juu ya kinga na juu ya malori. Bei huanguka mpaka mama muuzaji anaona ni heri kuyaacha palepale kuliko kuyarudisha nyumbani. Asubuhi twakanyaga maganda, inzi wanatukaribisha. Kisha waja mwezi wa Februari, na embe limekuwa habari ya zamani. Mkate wa asubuhi twaula mkavu, au twaupaka konfitiri iliyovuka mpaka kutoka Zambia au Afrika Kusini. Tumetupa chetu, tumenunua cha jirani.

Vijana wetu wanalijua vizuri fundisho la mikate mitano na samaki wawili. Mara nyingi tunalihubiri kama fundisho la kugawana, na ni kweli. Lakini habari haikuishia hapo. Baada ya watu kushiba, Yezu aliwaambia wanafunzi wakusanye masalio, vikajaa vikapu kumi na viwili. Aliyeweza kuzidisha mikate hakukubali makombo yapotee. Papa Fransisko naye, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba chakula kinachotupwa ni kama kimeibwa mezani pa maskini. Sisi tumejifunza kugawana, kukusanya bado.

Nilipomjua baba yangu

Baba yangu alifanya kazi ya zamu, leo usiku, kesho mchana. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache. Lakini kila mwaka, maembe yalipoiva, alitupeleka kwa nkambo, kijijini upande wa barabara ya Kasenga. Tulipanda lori alfajiri tukiwa na magunia matupu, tukarudi jioni juu ya magunia yaliyojaa.

Chini ya mwembe ule baba alikuwa mtu mwingine. Alituonyesha namna ya kuchuma embe pamoja na kikonyo chake, na kuliinamisha ili utomvu udondoke chini, kwa maana utomvu huo huunguza ngozi na kulitia tunda madoa. Alitukataza kupiga matawi kwa mawe. Alitufundisha kuwaachia wenye kijiji matawi ya chini, kwa sababu watoto wao hawafiki juu. Na huku akichuma, alisimulia: jinsi alivyokuja mjini akiwa kijana, jinsi alivyolala njaa, jinsi alivyompoteza ndugu yake. Hakuwa amepanga kutueleza. Mikono ikiwa na kazi, moyo hufunguka wenyewe. Nilimjua baba yangu katika siku kama hizo, labda kumi tu kwa jumla, na leo amekwisha kufa. Ndiyo maana nawaandikia.

Kuhifadhi kuna kanuni

Nilipopata watoto wangu nilitaka kufanya kama baba, tena nikaongeza la kwangu: kupika konfitiri. Mara ya kwanza nilishindwa. Niliosha chupa za mayonezi kwa maji baridi, nikazijaza maembe yaliyokwisha poa, nikafunga. Baada ya majuma mawili vifuniko vilivimba, na tulipofungua, nyumba ilinuka pombe. Mke wangu hakusema neno. Kitinda mimba wetu ndiye aliyeuliza: «Baba, si afadhali tungeyala tu?»

Nikaanza kujifunza. Mtu aliyegundua njia hii alikuwa Mfaransa Nicolas Appert, mtengenezaji wa vitu vitamu. Aliona kwamba chakula kikifungwa vizuri ndani ya chupa na chupa ikachemshwa, hakiozi. Mwaka 1810 alitangaza njia yake katika kitabu, na serikali ikamlipa zawadi ya franka 12 000. Yeye mwenyewe hakujua sababu. Ni Louis Pasteur, miaka mingi baadaye, aliyeeleza kwamba ni vijidudu vinavyoozesha, na kwamba moto huviua. Basi kazi ni mbili: kuviua vilivyomo, na kuvizuia vya nje visiingie.

Sasa sikilizeni namna tunavyofanya nyumbani. Chagueni maembe yaliyoiva lakini magumu kidogo. Yaliyooza upande mmoja yasiingie. Menyeni, kateni, na kama yana nyuzi nyingi yapitisheni katika chujio. Kwa kilo moja ya nyama ya embe, tieni gramu 750 za sukari na maji ya malimau mawili. Limau si la ladha tu: maembe mengine hayana ukali wa kutosha, na ukali ndio unaowazuia vijidudu wabaya. Pikeni mkikoroga bila kuacha. Dondosheni kidogo juu ya sahani baridi; likikaa mahali pake bila kutiririka, limeiva.

Wakati huohuo chupa za kioo zichemke dakika kumi. Vifuniko viwe vizima, bila kutu, na mpira wake wa ndani usiwe umekatika. Jazeni chupa zikiwa moto na konfitiri ikiwa moto, mkiacha nafasi ndogo juu, futeni mdomo wa chupa, fungeni. Kisha tandikeni kitambaa chini ya sufuria ndefu, pangeni chupa, maji yazifunike kwa vidole viwili, zichemke tena dakika kumi kamili. Mkisoma katika vitabu vya Ulaya kwamba dakika tano zatosha, kumbukeni kwamba mji wetu uko juu, kama mita 1 200 toka usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye digri 96 hivi, si 100. Maji yetu yana moto pungufu, basi yapeni muda zaidi. Wenzetu wa Bukavu walio juu kuliko sisi wasipunguze hata dakika moja.

Ziacheni chupa usiku kucha. Asubuhi bonyezeni kifuniko katikati: kisipocheza, chupa imeshika, kikicheza, konfitiri hiyo iliwe juma hilohilo. Na onyo moja ambalo sitaki mlisahau: njia hii ni ya matunda makali na sukari. Msiitumie kwa sombe, wala maharagwe, wala nyama, wala samaki. Katika vyakula hivyo kuna kijidudu ambacho maji ya kuchemka hayakiui. Ndani ya chupa iliyofungwa hutengeneza sumu isiyonuka, na sumu hiyo huua mtu.

Wanaopinga wana haki, lakini

Mama mmoja wa parokia aliniambia: «Baba, sukari ni bei, makala ni bei.» Ni kweli, wala sitambishia. Sukari ndiyo gharama kubwa. Lakini nyumba tatu zikiungana, mbabula moja na sufuria moja kubwa zatosha, na kila nyumba huleta ilicho nacho: mmoja maembe, mwingine sukari, mwingine chupa na mikono ya watoto. Kukausha vipande juani hakuhitaji sukari, ila Novemba yetu ina mvua nyingi, na embe huota ukungu kabla halijakauka.

Mwingine atasema: «Sisi hatuna kijiji.» Anzeni na mwembe wa parsele yenu, au wa nkambo mjane wa jirani ambaye hawezi tena kupanda. Ombeni ruhusa, chumeni, mwachieni nusu, na chupa ikiwa tayari mpelekeeni. Hiyo nayo ni safari, hata kama ni hatua mia mbili. Na tuwakumbuke ndugu zetu wa Kivu na Ituri, ambao vita vimewafungia wengi wao njia ya kwenda shambani. Sisi ambao njia yetu ingali wazi, tuione kuwa neema.

Wa tatu ni kijana mwenyewe. Akisikia konfitiri, mara moja anauliza: «Tutaiuza kiasi gani?» Simlaumu, kazi hakuna, na kila semina anayoitwa humwambia awe mfanyabiashara. Akiuza kwa haki mwaka ujao, nitafurahi. Lakini mwaka wa kwanza nasema hapana. Chupa za kwanza ziwe za meza ya nyumbani na za wagonjwa wa jumuiya yenu. Tukifanya kila kitu kuwa bidhaa, hata siku moja tuliyokaa na baba itapewa bei, na yule asiyeleta faida, yaani mzee au mtoto mdogo, ataachwa nyumbani.

Na ninyi wavulana, msije mkapanda mti, mkarusha maembe, kisha mkakaa kivulini mkingoja dada zenu wamenye, wapike na waoshe masufuria. Anayekula amenye. Katika nyumba yangu kisu hakiulizi wewe ni mwana wa kiume au wa kike.

Mahali pa kwenda

Nimeacha jambo zito mwisho. Mbali na maembe, tulikuwa na desturi ya kwenda porini kuokota masuku. Mnayajua: tunda la mviringo, ganda la rangi ya udongo, ndani tamu kama asali. Hakuna aliyeupanda msuku ule. Huota wenyewe katika udongo wa mawe ambapo mahindi yangekufa. Mwaka jana niliwapeleka watoto mahali pale ambapo baba alinipeleka mimi. Tulikuta visiki na duara nyeusi za tanuri za makala. Mzee aliyekuwa akifunga magunia alinisalimu kwa heshima, akaniambia: «Ndugu, masuku hayalipi ada ya shule. Makala yanalipa.»

Sikuwa na la kumjibu, kwa maana makala yake ndiyo tunayopikia. Tangu siku ile napika mara moja sufuria kubwa, si mara tano ndogo, na kila mwaka twapanda kokwa za maembe na kuzilinda na mbuzi. Ni kidogo sana, najua. Lakini watoto wangu walisimama mbele ya visiki vile wakahuzunika, kwa sababu walikuwa wamekula matunda yake. Mtoto ambaye hakufika porini hata siku moja, msitu ukikatwa, yeye atahuzunikia nini? Familia isiyotoka pamoja hupoteza mambo mawili: yale ambayo wangeambiana njiani, na nchi ambayo wangejifunza kuipenda.

Basi, Siku ya Posho inayokuja, chukueni magunia matupu. Mwambieni baba awaonyeshe mti alioupanda akiwa mdogo. Akisema hana nafasi, msinung'unike. Mwombeni tena juma lifuatalo. Huenda naye anangoja kuombwa.

Ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni lini mara ya mwisho familia yetu nzima ilifanya kazi moja kwa mikono, na tuliambiana nini?

2. Katika parokia yetu, ni matunda gani yanaoza kila mwaka, na ni nani walio na njaa karibu nayo?

3. Nyumba zipi tatu za jumuiya yetu zaweza kuungana mwaka huu kupika pamoja, na chupa ya kwanza tutampelekea nani?