Mwanakondoo aliyepakwa rangi



Dominika hii naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa paroko kijana, parokia yetu ilikuwa inajiandaa kwa jubilei. Kanisa lilipakwa chokaa, mabenchi yakapigwa msasa, nami nikaitazama sanamu ya Mama Maria pale pembeni nikaona aibu. Ilikuwa ya plasta, imeletwa na wamisionari. Uso ulikuwa umefifia, vidole viwili vimekatika, na mguu mmoja umebaki mweupe kwa sababu kina mama walizoea kuugusa kila wanapotoka Misa. Nikamwambia fundi aliyekuwa akipaka madirisha: "Ukimaliza hapo, na Mama naye umpake." Akampaka. Vazi likapata rangi ya mafuta ileile ya madirisha, uso ukawa mweupe unaong'aa, nyusi nyeusi tii. Siku ya jubilei vigelegele vilipigwa. Baada ya Misa bibi mmoja alinifuata sakristia, akaniuliza kwa upole: "Baba, yule wa zamani mmempeleka wapi?" Nikamwambia ni yuleyule. Akanitazama kidogo, akasema, "Haya, Baba," akaenda zake.

Bibi huyo alinirudia akilini niliposoma habari za Mwanakondoo wa Ghent.

Ghent ni mji wa Ubelgiji. Katika kanisa kuu la Mtakatifu Bavo kuna picha kubwa ya altareni, iliyochorwa na ndugu wawili, Hubert na Jan van Eyck, juu ya mbao za mwaloni, ikakamilika mwaka 1432. Katikati yake amesimama Mwanakondoo juu ya altare, damu yake inatiririka ndani ya kalisi, na watu wa kila namna wanamjia kutoka pande zote: mitume, mashahidi, mabikira, watawa wa jangwani. Ndilo lile tunaloliungama kila Misa kabla ya Komunyo, limewekwa mbele ya macho. Picha hiyo imepata misukosuko mingi. Majeshi ya Ufaransa yalibeba sehemu yake hadi Paris mwaka 1794. Mwaka 1934 ubao mmoja uliibwa na haujapatikana hadi leo. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, picha ilikutwa imefichwa ndani ya mgodi wa chumvi nchini Austria.

Lakini wezi na majeshi hawakumfanyia Mwanakondoo yale aliyofanyiwa na wapenzi wake. Katika karne ya 16 watu waliotaka kumtunza walimpaka rangi upya. Hawakuwa wahuni, ndugu yangu. Waliona nyufa, waliona rangi imefifia, wakasema tumpendezeshe. Na walipokuwa wanampendezesha, wakambadilisha uso.

Mwaka 2012 ilianza kazi ya kuitengeneza picha hiyo, chini ya taasisi ya kitaifa ya Ubelgiji ya urithi wa utamaduni. Mbao zilihamishiwa kwa awamu kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la mji huohuo, na hapo mafundi wakafanya kazi nyuma ya ukuta wa kioo, wageni wakiwatazama. Walianza kwa kupiga eksirei na picha za miale isiyoonekana kwa macho, wajue kuna nini chini kabla ya kugusa juu. Kwanza iliondolewa vanishi ya zamani, iliyokuwa imegeuka njano, kwa vipamba vidogo vilivyochovywa dawa ya kuyeyushia. Ndipo ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya kilichokuwa kikisifiwa kama kazi ya van Eyck ilikuwa rangi ya watu wengine. Kwenye mbao za nje peke yake, kiasi cha asilimia 70 ilikuwa imefunikwa. Wataalamu wa nchi mbalimbali wakaitwa kushauri: iondolewe au iachwe? Ilipoamuliwa iondolewe, mafundi walikaa na hadubini na visu vidogo kama vya madaktari wa upasuaji, wakiibandua punje kwa punje. Mwaka unapita, nao wako kwenye majani na pindo za nguo.

Uso wa Mwanakondoo ulipofunuliwa, watu walishtuka. Yule waliyemzoea alikuwa kondoo wa kawaida, mpole, macho yameelekea pembeni kama ya mnyama yeyote wa zizini. Huyu wa kwanza macho yake yako mbele, yamekaribiana, na yanakutazama wewe. Picha zake ziliposambaa kwenye intaneti, wengi walicheka, wakasema mafundi wameharibu. Kumbe mafundi hawakuongeza kitu. Ndivyo alivyochorwa mwaka 1432. (Wanaocheka huenda hawajui kwamba mwaka 1951 mafundi wa wakati huo waliondoa rangi kidogo kuzunguka kichwa, masikio ya kwanza yakachungulia, wakaishia hapo. Kwa karibu miaka 70 Mwanakondoo yule alikuwa na masikio 4.)

Sasa nikuulize, msomaji wangu: kwa nini mtu ampake Mwanakondoo macho yanayotazama pembeni? Sijui aliyeshika brashi aliwaza nini, ila mimi naujua moyo wangu. Mwanakondoo asiyekutazama ana raha. Unaweza kumpigia magoti, ukamwimbia, ukatoka. Nimekaa kwenye kiti cha maungamo zaidi ya miaka 20, na nakuambia bila kutaja dhambi ya mtu: wengi tunafika pale tukiwa tumeshapaka rangi mbichi. Tunaeleza makosa ya mume, ya mke mwenza, ya mwenyekiti wa jumuiya. Na sisi mapadre tunawapakia Kristo rangi mimbarini, tukimhubiri yule asiyemuuliza tajiri wa parokia mshahara wa msichana wake wa kazi.

Hata hivyo kuna jambo la kuwatendea haki waliotangulia. Waliosali mbele ya uso ule uliopakwa walikuwa waamini wa zaidi ya miaka 400. Sala zao hazikuwa bandia. Ndiyo maana uamuzi wa kuondoa rangi ya zamani haufanywi na mtu mmoja asubuhi moja, na ndiyo maana nawaheshimu wale mafundi kuliko nilivyojiheshimu mimi na mpaka-madirisha wangu. Wana sheria moja ninayoipenda sana: popote rangi ya mwanzo ilipopotea kabisa, unaweza kujaza, lakini kwa rangi ambayo fundi wa kesho ataweza kuiondoa bila kuumiza ya asili. Yaani fundi anafanya kazi akikubali kwamba huenda amekosea. Ni wangapi kati yetu tunalea watoto hivyo, au tunaongoza parokia hivyo?

Usidhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Pale Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianzisha makumbusho ya Wasukuma. Bagamoyo nako kuna makumbusho ya Kanisa yenye kumbukumbu za misheni iliyoanza mwaka 1868. Adui wa vitu hivi ni mchwa, unyevu, jua la dirishani, na sisi wenye nia njema na kopo la rangi. Kama parokia yako ina jubilei mwaka huu, na kamati imeshaandika "rangi ya sanamu" kwenye bajeti, simama useme. Piga picha kwanza. Futa vumbi kwa brashi laini iliyo kavu, basi. Usioshe kwa sabuni, usisugue, na kama kidole kimekatika kitunze kwenye bahasha badala ya kukibandika kwa gundi ya viatu. Kisha waulize watu wa makumbusho.

Mimi nilifanya kinyume. Miaka kadhaa baada ya jubilei rangi ilianza kubanduka. Nikaona haya, nikachukua msasa mwenyewe usiku, nikasugua shavu la kushoto ili nimrudishe yule wa zamani. Rangi ya fundi ilitoka, na rangi ya wamisionari ikatoka nayo, nikafika kwenye plasta. Yule bibi alikuwa ameshafariki. Sanamu iko stoo ya parokia ile, imefungwa khanga. Kila nikipita huko naomba ufunguo, namfungua, namtazama upande wa kulia, ambako chini ya ile rangi nyeupe huenda uso bado upo.