Kasi pekee haitoshi kupimia tarakilishi

AFISA wa ununuzi anapoletewa zabuni ya tarakilishi, jambo la kwanza analoonyeshwa ni kasi ya prosesa, na mara nyingi huishia hapo. Lau hicho ndicho kingekuwa kipimo, mabenki yangekuwa yameitupa mitambo yao mikubwa kitambo. Prosesa ya Intel Core i9-13900KS, iliyotolewa mwaka 2023 kwa tarakilishi za mezani, hufikia gigahezi 6. Ile ya mtambo wa z16, uliozinduliwa na IBM mwaka 2022 kwa bei isiyokaribiana na hiyo hata kidogo, ni gigahezi 5.2.

Tofauti iko kwingine. Tarakilishi ya mezani huundwa ikimlenga mtu mmoja. Mitambo mikubwa, tangu enzi ya System/360 ya IBM iliyotangazwa mwaka 1964, huachia vifaa maalumu kazi ya kusoma na kuandika kwenye diski, ili prosesa kuu isikae ikingoja. Ndiposa maelfu ya wateja wanaweza kutoa pesa mwisho wa mwezi kwa wakati mmoja na foleni isikwame.

Kisha kuna hitilafu. Mtambo wa aina hii hujikagua wenyewe. Prosesa ikifa, nyingine iliyowekwa akiba hushika nafasi yake bila mwenye akaunti kutambua. Tarakilishi nyingi za mezani haziwezi hata kurekebisha kosa dogo kwenye kumbukumbu. Karani atapoteza ukurasa wa barua. Benki itapoteza rekodi ya amana, na mteja ndiye atakayehangaika kuthibitisha kwamba fedha zilikuwa zake.

Hata hivyo, uimara huo una gharama. Programu za miaka ya sitini zingali zinaweza kutumika, ila waliozielewa wamestaafu. Mnamo Aprili 2020, janga la corona lilipowaachisha wengi kazi nchini Marekani, Gavana wa New Jersey, Phil Murphy, aliwaomba hadharani wajuzi wa Cobol, lugha ya programu iliyobuniwa mwaka 1959, wajitolee kuisaidia mifumo ya jimbo hilo.

Google nayo ilikua kwa njia tofauti: ilikusanya maelfu ya tarakilishi za bei nafuu, na programu ikaziba pengo kila moja ilipokufa. Katika utafutaji, ukurasa mmoja ukikosekana hakuna anayedhulumiwa. Salio la akaunti halivumilii hayo, na kuandika programu ya kulilinda kwa mtindo huo ni kazi ngumu zaidi, wala haimo katika bei iliyoandikwa kwenye zabuni.