Pointi Kubadilika Si Utapeli

Mwandishi mmoja anadai kuwa Weight Watchers, mpango wa kupunguza uzito kwa kuhesabu pointi, kubadili pointi za vyakula kila baada ya miaka michache ni ushahidi wa utapeli. Si kweli. Marekani, matunda mengi yalipewa pointi sifuri mwaka 2010. Mwishoni mwa 2017 mayai, maharage na kidari cha kuku vikafuata. Biashara imo, sikatai, ila hesabu iliyoganda ingekuwa mbaya zaidi.

Kasoro yenyewe ya kuhesabu pointi ameiruka. Hapa Ihumwa ugali wa uwele na mlenda huliwa sinia moja, kila mtu akimega tonge lake. Nani atahesabu matonge ya shemeji? Anayehangaika na pointi mpya aanze na vinavyopimika: soda, sukari ya chai, na mafuta ya alizeti tunayomimina sufuriani bila kijiko.